Kuruka Trapezi Ukubwani: Viganja, Bega na Pesa Zilikokwenda

Nilianza kuruka trapezi, ile bembea ya sarakasi inayoning'inia juu, nikiwa na miaka 41, muuguzi wa zamu za usiku hapa Chicago, mama wa watoto wawili, na mtu ambaye hata michezo ya shule kule Mwanza nilikuwa naikwepa kwa kusingizia tumbo. Sikuwa na ndoto yoyote ya sarakasi. Binti yangu alitaka kusherehekea siku yake ya kuzaliwa kwa kwenda kuruka na wenzake, mmoja akaugua asubuhi ile, nafasi ilikuwa imeshalipiwa na pesa hazirudi. Dola 70 na kitu kupotea bure kuliniuma kuliko nilivyoogopa kupanda. Nikavua viatu.

Tangu siku hiyo sijaacha. Ndugu wakiona video zangu swali la kwanza ni kama siogopi. Naogopa, na sijui mtu mzima asiyeogopa. Lakini yako mambo mengine ambayo ningefurahi kama mtu angenieleza kabla sijaanza kutoa pesa, hasa kwa sisi wa umri ambao msuli ukichanika leo, kesho haujapona.

Kwanza ujue vyombo vyenyewe. Juu, kama mita saba kutoka chini, kuna jukwaa jembamba ambalo watu watatu wakisimama wanabanana. Unalifikia kwa ngazi ya chuma inayotikisika kila unapohamisha mguu. Mbele ya jukwaa inaning'inia bembea yako, na upande wa pili, mbali kidogo, bembea ya mdakaji, yule anayekukamata ukiwa hewani. Chini yote hayo umetandazwa wavu. Mwanafunzi anavaa mkanda mpana kiunoni, unaofungwa kwa kamba mbili zinazopanda hadi kwenye kapi na kushuka mpaka mikononi mwa mwalimu aliyesimama chini. Huyo mwenye kamba ndiye mtu muhimu kuliko wote siku yako ya kwanza. Anaweza kukupunguzia kasi, kukuzuia usipinduke vibaya, na kukuteremsha polepole kwenye wavu kama umeachia mahali pasipofaa.

Darasa huanzia chini, kwenye chuma kifupi kilichofungwa kimo cha kichwa. Pale unafundishwa kushika, kupandisha miguu na kuipitisha katikati ya mikono mpaka magoti yanase kwenye chuma, kisha kuachia mikono na kuning'inia kwa magoti peke yake, kichwa chini. Nilifanya kwa shida, watoto wa darasa la binti yangu wakiniangalia kwa huruma. Mwalimu akaniambia jambo ambalo wakati ule niliona ananifariji tu: ukiwa juu itakuwa rahisi zaidi, mradi ufanye ninapokwambia.

Ilikuwa kweli, na sababu yake inafaa kujulikana. Bembea ikiwa inashuka, ule uzito unaousikia mikononi si uzito wako wa kila siku. Ukipita chini kabisa, pale penye kasi, mikono inaweza kubeba karibu mara mbili ya uzito wa mwili. Lakini bembea ikifika mwisho wa mpando wake, kabla haijaanza kurudi, kuna muda mfupi ambao mwili hauna uzito wa kusumbua. Miguu inapanda yenyewe. Mtu asiyeweza kujivuta hata mara moja kwenye chuma cha mazoezi anaweza kupandisha magoti hapo bila kuguna. Ukikosa muda huo kwa nusu sekunde, umeukosa. Unaanza kushuka, uzito unarudi, na hata kijana mwenye kifua cha kunyanyua vyuma atatapatapa na asipate kitu. Nimewaona wengi wa aina hiyo. Wanakuja wakiwa na uhakika wa misuli yao, wanavuta pale pasipovutika, na mama mfupi wa miaka 50 na zaidi aliyepanda baada yao anafanya vizuri kwa sababu amesikiliza.

Kwa hiyo kila kitu kinakwenda kwa kuitwa. Mwalimu anasema "tayari", unakunja magoti. Anasema "hep", unaruka kutoka jukwaani. Halafu amri zinafuatana: miguu juu, achia mikono, tazama nyuma, rudisha mikono, shusha miguu. Kwa maneno ni jambo dogo. Kwa mtu mzima ni kazi nzito, na nadhani ndiyo kazi yenyewe hasa. Sisi tumezoea kuhakiki. Kazini kwetu lebo ya dawa unaisoma mara tatu kabla hujampa mgonjwa, na ukiruka hatua moja unaweza kuua. Nikapanda na tabia hiyohiyo juu. Nasikia "miguu juu", kichwani nauliza: sasa hivi? una hakika? Nikimaliza kuuliza, bembea imesharudi nyuma. Watoto wa miaka tisa hawaulizi. Wanainua miguu kabla neno halijaisha, na ndiyo maana siku ile binti yangu na wenzake wote walining'inia kwa magoti wakipiga kelele, na mimi nikaishia kupiga mateke hewani mpaka nikateremshwa kwa kamba.

Kitu kilichonisaidia kilikuwa kufanya uhakiki wote chini na kuumaliza huko. Sasa kabla sijapanda ngazi nakaa kwenye mkeka, nafumba macho, namwomba mwenzangu anisomee amri kwa mwendo wa bembea yenyewe huku mimi naitika kwa mwili. Mkanda nimekagua, kamba zimekaguliwa, mpango naujua. Nikishatoka jukwaani hakuna tena cha kukagua. Kilichobaki ni sikio na mwili. Kama unataka kubeba ushauri mmoja tu hapa, beba huu.

Kule jukwaani kuna shida nyingine ambayo wageni hawaambiwi mapema. Chuma cha bembea ni kizito kuliko kinavyoonekana. Unashika kwa mkono wa kulia kwanza, wa kushoto ungali umeng'ang'ania nguzo, na tayari unasikia kinakuvuta mbele kuelekea kusiko na sakafu. Mtu aliye nyuma yako amekushika mkanda na kuegemea nyuma ili akuzuie. Akili yako inakwambia urudishe makalio. Ukirudisha makalio, unainama, kifua kinatangulia, na unapotoka unaanguka badala ya kuruka. Mikono inapata mtikisiko mbaya chini ya mbembeo. Sukuma kiuno mbele, nyanyua kifua, acha vidole vya miguu vitokeze nje ya ukingo. Inatisha zaidi, lakini ni salama zaidi. Mimi huwa natazama bembea ya mdakaji, sitazami chini. Chini nimeshapajua.

Mdakaji ndiye aliyenifanya nirudi. Mwishoni mwa darasa, wale waliofanya vizuri wanapewa nafasi ya kudakwa. Siku ya kwanza sikupata. Nilipata baadaye, na naikumbuka vizuri. Yeye anakaa kwenye bembea yake, anajizungushia miguu kwenye kamba, kisha anajiachia kichwa chini na kuanza kujibembeza mpaka mmeenda sambamba. Vifundo vyake vya mikono vimefungwa bendeji ya kitambaa cha gozi, nyeupe kwa chaki, na vyako pia. Unaning'inia kwa magoti, mgongo umejikunja nyuma, mikono imenyooshwa, na ghafla kichwa cha mtu kinakuja kwa kasi kutoka upande ambao hakikuwepo. Mikono yake haishiki vidole vyako. Inapita, inakamata kifundo cha mkono, na wewe unakamata chake. Nilisikia kofi la ngozi kwa gozi, sauti kavu, halafu akasema "nimekupata, shusha miguu", kwa utulivu kama tunapokezana zamu. Magoti yakateleza kutoka kwenye chuma na nikawa nabembea mikononi mwa mtu.

Kosa la karibu kila anayeanza hapa ni kutaka kudaka. Ukimwona mdakaji anakuja, mkono unataka kumfuata, vidole vinatanuka, kidole gumba kinatoka pembeni kama unataka kushika nazi. Kidole hicho kinaweza kuumia vibaya. Wewe kazi yako ni kunyoosha mikono, kuunganisha gumba na vidole vingine, kutazama mbele na kukaa hivyo. Kushika ni juu yake. Amefanya hivyo mara nyingi kuliko wewe, anaona umbali, na akiona haufai atakwambia uende wavuni. Kukubali kwamba hapa mwenye kazi ni mwingine kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza mtindo, yaani ule mchezo wenyewe wa hewani.

Sasa maumivu. Nyuma ya magoti utatoka madoa meusi baada ya siku ya kwanza. Suruali ya kubana inayofika chini ya goti inapunguza, haiondoi. Tumbo litakuuma siku mbili ukicheka. Lakini kinachoharibika kweli ni viganja. Ngozi inajikunja chini ya vidole, inatoka lengelenge, na lengelenge likipasuka ukiwa hewani unashuka na kipande cha ngozi kinaning'inia. Mimi nafanya kazi ya kunawa mikono na kupaka spiriti kutwa nzima, hebu fikiria. Kwa muuguzi, kidonda wazi kiganjani si jambo la kuvumilia. Kuna siku nilizuiwa kuhudumia wagonjwa fulani mpaka kipone, na walikuwa na haki.

Dawa yake ni kuzuia. Sugu zikianza kuota, zisugue kwa lile jiwe la kusugulia nyayo ukitoka kuoga, zikae bapa na ngozi. Sugu iliyonyanyuka ndiyo inayonasa na kuchanika. Paka mafuta usiku, usipake siku ya darasa. Chaki ni kwa ajili ya jasho, weka kidogo. Ukijaza kiganja chote unaongeza msuguano na unachanika haraka. Wengine huvaa ngao za ngozi za viganja kama wacheza jimnastiki, na ukianza kwenda kila wiki ni vizuri kuzinunua. Ukiona sehemu imekuwa nyekundu na inawaka, simama hapohapo. Mzunguko mmoja wa ziada unaweza kukugharimu wiki mbili.

Pesa nazo nisizifiche. Darasa la saa mbili katika miji mikubwa ya Marekani ni kati ya dola 60 na 80, wakati mwingine zaidi siku za mwisho wa wiki. Darasa likiwa na watu kumi, katika hizo saa mbili utaruka dakika chache tu. Muda uliobaki umekaa unasubiri zamu. Ukienda mara moja kwa wiki, piga hesabu mwenyewe. Kwa pesa za nyumbani, bei ya darasa moja ni zaidi ya laki moja na nusu za Kitanzania, na mimi nina wapwa wanaosoma. Mume wangu hakugombana nami kuhusu hatari. Aligombana kuhusu hilo, na sikuwa na jibu zuri. Tulichokubaliana ni kwamba trapezi inalipwa na zamu za ziada peke yake, zile za sikukuu, na zikikosekana siendi. Shule nyingi huuza tiketi za madarasa kadhaa kwa bei nafuu, lakini soma tarehe ya mwisho kabla hujalipa. Ziko pia zinazomruhusu mtu kusaidia kazi ndogondogo kwa kupunguziwa ada. Uliza, usione haya.

Hapa Chicago majira ya joto tunaruka nje, Ziwa Michigan likiwa upande mmoja na magorofa upande mwingine, na baridi ikianza tunaingia ndani. Nje ni kuzuri mno, lakini radi, mvua na upepo mkali huahirisha darasa. Usipange kuwaleta wageni kutoka mbali bila kutazama hali ya hewa.

Nirudi kwenye kusubiri zamu, maana ndiko bega langu lilikoharibikia. Unaruka, unatoka jasho, unakaa dakika kumi, mwili unapoa, unapanda tena na kuupa mkono ule mzigo mara mbili wa chini ya mbembeo. Nilikuwa natoka zamu ya usiku ya kugeuza na kunyanyua wagonjwa, nalala kwa muda wa saa nne tu, naenda darasani. Kitu kikaanza kuchoma mbele ya bega la kulia nikivaa sidiria. Nikameza vidonge na kuendelea, mimi ambaye kila siku nawaambia watu wasifanye hivyo. Daktari alisema kano za misuli inayoshikilia bega zimevimba, hazijachanika. Nilikaa bila kuruka kwa miezi, nikienda kwa mtaalamu wa viungo, na kwa wasioijua bima ya huku: kuna kiasi unachotoa mfukoni kila mwaka kabla haijaanza kulipa. Ile fomu uliyosaini mlangoni bila kuisoma pia inakutaka ukubali kwamba umeijua hatari. Isome.

Mrukaji mmoja mzee darasani kwetu alinipa pole kwa kunisimulia habari za Alfredo Codona, bingwa wa miaka ya 1920 aliyeufanya mzunguko wa mara tatu angani uonekane jambo la kila jioni, na ambaye bega lilimtoa kazini mwaka 1933. Sijui alidhani itanifariji vipi. Ila ilinifanya niache kuona mazoezi ya bega kama adhabu. Ninayofanya sasa ni mepesi: naning'inia kwenye chuma mikono imenyooka, kisha navuta mabega chini bila kukunja viwiko, nazungusha mkono kwa mpira wa kuvuta, kiwiko kimebana ubavuni, nanyanyua miguu kwa ajili ya tumbo. Na kati ya zamu zangu za kuruka sikai. Nimevaa sweta, natembea, nazungusha mikono. Kama nimetoka kazini nimechoka, nawapigia simu siendi, hata kama pesa inaliwa.

Niliporudi, mwalimu hakunipa mitindo. Alinitaka nibembee tu, darasa baada ya darasa: miguu mbele na juu ukitoka, mwili unyooke ukipita chini, miguu nyuma, halafu tena. Niliona ananinyima uhondo, tena kwa pesa yangu. Kumbe mtindo wote unategemea kimo cha mbembeo. Mtu mwenye mbembeo mbovu anaweza kudakwa kwenye mitindo rahisi, kisha anakwama hapo mwaka mzima akijiuliza kwa nini wenzake wanamzidi.

Kujifunza kuanguka nako ni elimu yake. Jules Léotard, Mfaransa wa Toulouse aliyeonyesha mchezo huu Paris mwaka 1859, hakuwa na wavu, alitandikiwa magodoro. Sisi tuna wavu na bado watu wanaumia kwa kuutumia vibaya. Tua kwa mgongo, miguu imenyanyuka, kidevu kimebana kifuani. Ukitua kwa miguu wavu unakurusha, na goti lako linakutana na mdomo wako. Usinyooshe mikono nyuma kujikinga, usiingize vidole kwenye matundu. Na usisimame haraka kwa furaha ya kuwa hai. Wengi huteguka hapo, wakati onyesho limeshakwisha.

Shangazi yangu alipoona video nikiwa kichwa chini alipiga simu kutoka Mwanza. Hakusalimu. "We mwanangu, umekuwa popo?" Nikamwambia ni mazoezi tu, shikamoo shangazi. Akasema marahaba, mazoezi si watu wanatembea? Nikamkumbusha kwamba vijana wa sarakasi wa Tanzania na Kenya wanazunguka dunia kwa kazi hizi, wanapandana mabegani na kuruka ndani ya pete, wanasomesha ndugu zao. Akajibu kwamba wale wanalipwa, wewe unalipa. Sijapata jibu hadi leo.

Kuhusu mavazi, wanaouliza ni wengi. Huhitaji kuvaa nguo za kumeta. Suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu iliyochomekwa vinatosha, na wenzetu wanaojifunika huruka na hijabu ya michezo ya kuvaa kichwani, isiyo na pini wala ncha ya kuning'inia. Pete, hereni, bangili, saa, vyote vibaki nyumbani. Nywele za kusuka zifunge zisifike kwenye mkanda na kamba. Kikomo cha uzito kipo, shule nyingi huweka kati ya kilo 90 na 100, kwa hiyo piga simu kabla ya kulipa usije ukaaibishwa mlangoni. Mjamzito asipande. Mwenye bega lililowahi kuteguka au shinikizo la damu lisilotulia amwone daktari kwanza.

Ukifika siku ya kwanza, uliza nani anashika kamba na amefanya kazi hiyo muda gani, na tazama kama wanakagua vyombo kabla ya kuanza au wanapiga soga. Jifunze jina la mwenye kamba. Na ule mkanda watakaokufunga, kama baada ya kuukaza bado unaweza kuvuta pumzi ndefu na kupiga hadithi, haujakaza. Mwambie aongeze tundu moja. Ukipanda na mkanda uliolegea, ukivutwa na kamba utapanda mpaka kwapani, na mbavu zitakukumbusha wiki nzima kila ukipiga chafya.